Meza ya Bwana na ndugu asiyeweza kula ngano

 

Tufungue Warumi 14, mstari wa 13 mpaka wa 21. Paulo anatuonyesha kwamba ndugu yako alimgharimu Kristo kuliko chakula chochote, basi usimwangushe kwa sababu ya sahani. Mara nyingi tumehubiri maneno haya juu ya nyama na juu ya pombe. Leo nitayahubiri juu ya mkate.

Kuna ugonjwa unaoitwa siliaki. Hauambukizi. Si uchawi wala laana. Unaweza kuonekana kwa mama na kwa mtoto wake, lakini ni urithi wa mwili tu, kama sura na urefu. Ndani ya ngano, shayiri na rai kuna kitu kinachoitwa gluteni. Mwenye siliaki akikila, askari wa mwili wake wanakiona kuwa adui. Wanapigana, na katika vita hiyo wanaharibu ngozi laini ya ndani ya utumbo, pale ambapo chakula kinaingia katika damu. Mtu anakula, lakini mwili haupati. Mmoja anaharisha na tumbo linajaa. Mtoto hakui. Mama anapungukiwa damu. Mwingine tumbo halimsumbui, anachoka tu.

Ilijulikanaje kwamba ni ngano? Huko Uholanzi, daktari wa watoto Willem Dicke alikuwa ameanza kuishuku kabla ya vita. Kisha ikaja njaa kubwa ya vita, mwaka 1944 na 1945, na mkate ukakosekana. Watoto wengine walidhoofika, lakini wale wenye siliaki wakapata nafuu! Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi. Mwaka 1950 Dicke akayaandika hayo yote.

Msiseme ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Watoto Wasaharawi, Waafrika wa Sahara ya magharibi, walipopimwa, zaidi ya 5 katika kila 100 walikuwa nao.

Lakini hapa kwetu minyoo, amiba, kifua kikuu na utapiamlo huleta dalili zilezile. Basi mtu asijitangazie ugonjwa huu mwenyewe. Aende kwa munganga, naye atasema kama inafaa kumtuma mahali penye kipimo cha damu. Na asiache mkate kabla ya kupimwa, maana akiuacha, kipimo kinaweza kudanganya.

Aliyekwisha kuthibitishwa, dawa yake ni moja: kuacha nafaka hizo tatu maisha yake yote. Utumbo unapona pole pole. Na hapa tumshukuru Mungu, wapendwa. Muhogo hauna gluteni. Mahindi hayana. Mchele wetu, ambao wafanyabiashara wa Pwani waliuleta Maniema siku za Tippu Tip, hauna. Mtama, ndizi, viazi vitamu, maharage, karanga, sombe, samaki na mawese, vyote ni salama. Mhogo mchungu uloweke siku za kutosha na kuukausha vizuri, wala usile muhogo peke yake bila maharage au samaki. Dada anayekula muhogo asubuhi wakati wageni wanakunywa chai kwa mkate, msimcheke.

Hatari iko katika vitu vya kununua: mkate, mandazi, biskuti, makaroni, na vile vinywaji vya malti tunavyogawa kwenye arusi, ambavyo hutoka katika shayiri. Kwenye pakiti tafuta maneno ya Kifaransa: blé au froment ni ngano, orge ni shayiri, seigle ni rai. Ukiyaona, rudisha. Wamama, mafuta yaliyokaanga mandazi msikaangie ndizi zake. Chekecheo la unga wa ngano lisichekeche unga wake wa muhogo. Muuza unga naye aulizwe kama hakuchanganya.

Sasa tufike kwenye Meza ya Bwana. Wengine watasema: kipande ni kidogo, tena kimeombewa. Wachunguzi waliona kwamba miligramu 50 za gluteni kila siku, kwa miezi michache, zinatosha kuumiza utumbo. Kipande kimoja cha mkate wa kawaida kina gramu 2 hivi, yaani mara 40 ya kiasi hicho. Hata chembe ni kitu.

Wengine watamwambia dada yetu: ukiwa na imani, kula tu. Wapendwa, tunaamini Yesu anaponya, na tutaendelea kuomba. Lakini angalieni Paulo. Katika Matendo 19 vitambaa vilivyogusa mwili wake viliponya wagonjwa. Paulo huyohuyo, katika 1 Timoteo 5:23, anamshauri Timoteo abadilishe kinywaji chake kwa ajili ya tumbo lake. Hakumwambia kwamba hana imani. Ukisadiki kwamba umepona, rudi kwa munganga akupime. Uponyaji wa Mungu hauogopi kipimo. Lakini kumlazimisha mgonjwa kula kile kinachomwumiza ili tuone imani yake, hiyo ni kumjaribu Bwana.

Basi mashemasi, fanyeni hivi. Mama mwenye sufuria safi atengeneze mkate wa unga wa muhogo mtupu, na ikiwezekana kanisa lote lile huo. Kama haiwezekani, wake uwekwe katika sahani yake, ufunikwe, na anayeugawa awe amenawa mikono, hajashika mkate mwingine. Kikombe kiwe chake, au yeye anywe wa kwanza. Katika 1 Wakorintho 11 Paulo aliwakemea watu waliokula huku ndugu zao wakikaa bila kitu. Tusiwe kanisa linalomwacha mtu kwenye benchi, mikono mitupu, siku ya Meza.

Ee Bwana, tufundishe kulinda sahani ya ndugu yetu kama tunavyolinda roho yake. Amina. Mungu awabariki.