Urani ni nini, na uvumi ni nini?

Mazungumzo na jamaa na viongozi wa Kibati, Kivu ya Kaskazini



Wengi wenu mlikimbilia hapa chini ya Nyiragongo mwaka 2008, wengine mwaka 2022. Kila vita vikianza, neno moja linarudi: "Wanapigania urani, na jirani fulani anaificha." Basi leo tuulize: urani ni kitu gani? Maana jambo usilolijua linakutia hofu, na hofu inazaa chuki.

Kila kitu kimejengwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo atomu. Katikati ya atomu kuna kiini. Kiini cha urani ni kizito. Kikigongwa na chembe iitwayo nyutroni, kinaweza kupasuka. Hapo kinatoa joto, pamoja na nyutroni nyingine mbili au tatu, nazo zinapasua viini vingine. Katika kinu cha nyuklia, joto hilo linachemsha maji, mvuke unazungusha mashine, umeme unapatikana. Katika bomu, yote hutokea mara moja bila kizuizi.

Lakini jiwe la urani lililotoka mgodini si bomu. Katika kila atomu 1,000 za urani, ni 7 hivi tu zinazopasuka kwa urahisi. Kuziongeza kunahitaji viwanda vikubwa sana. Hakuna jirani anayeweza kufanya kazi hiyo nyumbani mwake.

Kongo yetu ina historia hiyo. Urani ya Shinkolobwe, kule Katanga, ilipelekwa Marekani, ikatumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Mwaka 1959 Kinshasa ilipata kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika, cha utafiti. Mgodi wa Shinkolobwe ulifungwa kwa amri ya rais mwaka 2004.

Na hapa kwetu? Madini yanayojulikana ni koltani, kasiteriti na dhahabu. Koltani inatafutwa kwa ajili ya simu na kompyuta. Inaweza kuwa na urani kidogo ndani yake, lakini si kwa ajili hiyo inanunuliwa.

Hatari ya kweli ni mionzi. Haionekani, haina harufu, lakini ikizidi inaharibu mwili. Mtu akikuletea chombo kizito cha chuma, akisema ni mali ya kukutajirisha, usikifungue, usikilaze na watoto. Kaa mbali, umwite mkubwa wa mtaa.

Ndugu zangu, uvumi nao unapasuka kama urani: mmoja anawaambia watatu, watatu wanawaambia tisa, na jioni nyumba inachomwa. Ndani ya kinu kuna fimbo zinazomeza nyutroni ili moto usikimbie. Viongozi, muwe fimbo hizo. Neno likikufikia, uliza: Nani ameona? Wapi? Lini? Asipokuwepo wa kujibu, neno hilo liishie kwako.