Amri ya Matunzo Ikipuuzwa

Kadhi ameshaamuru baba watoto atoe matunzo kila mwezi. Miezi inapita, hatoi kitu, simu hapokei. Ufanyeje?

Usianzie polisi. Rudi mahakama ile ile iliyotoa amri, iwe ya kadhi au ya watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya Zanzibar Namba 6 ya mwaka 2011, uombe utekelezaji. Chukua nakala ya hukumu na daftari la ulichopokea: tarehe, kiasi, hata ujumbe wa pesa kwenye simu. Daftari hilo ndilo litakalombana akidai, “Nilimpa mkononi.”

Kwanza ataitwa kwa wito. Sheha wa shehia yake kwa kawaida anajua anakoishi. Akikaidi, mahakama inaweza kutoa hati akamatwe, afikishwe ajieleze. Kwa mwenye mshahara, kuomba mshahara wake ukatwe kazini ni bora kuliko kumfunga. Na asiye na mshahara, kama mvuvi wa Nungwi, akifungwa, nani atamwendea baharini?

Na wewe baba uliyepoteza kazi, usijifiche. Nenda mwenyewe ukaombe kiwango kipunguzwe, kabla deni halijakulemea.

Anayehitaji msaada wa kisheria awaone ZAFELA, jumuiya ya wanasheria wanawake wa Zanzibar.