Kabla ya Kumpa Mtoto Dawa ya Kichina

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Theta.

Mama mmoja aliniletea mtoto anayekohoa, anapumua mbio, kifua kikibonyea. Kwa siku nne alikuwa akimpa unga aliouziwa kwenye kliniki ya dawa za Kichina. Nikamwuliza, "Mama, dawa hii ni ya nini?" Akanipa pakiti yenye maandishi ya Kichina matupu. Mtoto alikuwa na nimonia. Alilazwa, akapona, lakini siku nne ni nyingi mno.

Sisemi tiba ya Kichina ni uongo. Dawa yetu ya malaria, AL, chanzo chake ni mmea wa Kichina, na mtafiti Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa ugunduzi huo. Huko China, tabibu wa tiba asilia anaweza kusomea kazi hiyo chuo kikuu miaka mitano, kisha afanye mtihani wa serikali. Basi mwenye ujuzi hatakasirika ukimwuliza maswali haya matatu.

Kwanza: ulisomea wapi, na leseni yako iko wapi? Kibali cha biashara cha kaunti ni cha kufungua duka, si cha kutibu. Anayejiita daktari, jina lake liwe kwenye daftari la Baraza la Madaktari.

Pili: dawa hii ni nini? Iwe na jina, kipimo cha mtoto na tarehe ya kuharibika, kwa lugha unayoisoma, na iwe imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Miaka ya 1990 huko Ubelgiji, wanawake waliharibika figo baada ya kumeza vidonge vya kupunguza unene. Mmea mmoja wa Kichina ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye sumu.

Tatu: mtoto akizidiwa, utamtuma wapi? Fundi wa kweli anajua mpaka wake. Anayedai kutibu kila ugonjwa, au kukuambia uache dawa za hospitali, mkimbie.

Na mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, aliyelegea au anayepumua kwa shida, usimpeleke kwa mitishamba yoyote. Mpeleke hospitali mara moja, na ubebe pakiti ya dawa aliyopewa. Hatutakugombeza.

Kuuliza si ujinga, mama. Tukutane kipindi kijacho. Kwaheri.