Usiufunge Mlango Nyuma Yako



Ndugu yangu katika imani, Allah aikubali saumu yako. Mada niliyopewa ni kijana na kipaji chake, nami nimeona nikupe habari za mtu mmoja, Rasheed Araeen.

Alizaliwa Karachi, Pakistan, mwaka 1935, akasomea uhandisi wa ujenzi. Sanaa hakuisomea chuoni, alijifunza mwenyewe. Mwaka 1959 tairi la baiskeli liliungua, zikabaki nyaya zilizojikunja. Mimi na wewe tungepita tu, si ndio? Yeye alizichukua, na hizo ndizo anazozihesabu kuwa kazi yake ya kwanza ya kuunda.

Mwaka 1964 alihamia London. Uhandisi wake hakuutupa. Akaunda fremu za miraba, ndani yake kuna mistari ya mshazari kama ile inayotia nguvu madaraja, akazipaka rangi kali. Hamna uso wa mtu wala mnyama. Ukizitazama utakumbuka dirisha la kimia la msikiti wa zamani. Na kila mraba ni sawa na mwenziwe, kama safu ya swala.

Hapa nataka tusemezane. Wako kati yetu walioiweka chini kalamu kwa sababu waliambiwa, "Kuchora ni haramu," basi, bila ya maelezo. Waulize wenye ilimu. Ibn Abbas (r.a.) alipojiwa na mchoraji, alimkataza picha za wenye roho, akamwelekeza kwenye miti na visivyo na roho. Mistari na miraba si ndiyo iliyojaa kwenye kuta za misikiti?

Utasema, "Lakini mimi sina cheti." Naye hakuwa nacho cha sanaa. Ila nifahamu vizuri: dini ina mashekhe wake, usijitolee fatwa chumbani. Mimi nazungumzia kazi ya mikono.

Mwaka 1969 alipata tuzo katika mashindano ya John Moores kule Liverpool. Angeweza kutosheka. Lakini aliona wasanii wenye asili ya Asia, Afrika na Karibi wakiachwa nje ya kumbi kubwa za Uingereza. Akaandika, akabishana, miaka ikapita. Mwaka 1989 akaandaa maonyesho ya The Other Story katika Hayward Gallery, London, yenye wasanii 24. Mlango ulipofunguka, hakuingia peke yake.

Tena mwaka 2017, mjini Athens, Ugiriki, alisimamisha shamiana zenye mapambo ya maumbo yale yale. Wapita njia wakakaribishwa kula bure, wasiojuana meza moja. Mistari ya mhandisi ikawa kivuli juu ya sahani ya mgeni. Wewe uliyekaa kwenye mkeka wa ftari unaijua ladha yake.

Basi ndugu yangu, unajua kushona? Kuandika khati? Kutengeneza simu? Anza na ulichonacho, usingoje kusifiwa. Na jioni ya leo, ukishafuturu, mtazame mdogo wako anayeiangalia mikono yako ikifanya kazi. Mwite, mpe nafasi ashike na yeye.

Allah atutakabalie. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.