Mawe Yangali Imara, Maungio Ndiyo Yamechakaa

Maelezo ya Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya mkutano wa wananchi wa kata, kuhusu usafishaji na ukarabati wa sakafu za mawe katika nyua za majengo ya huduma

 

Nimeomba nafasi hii nizungumzie kitu tunachokikanyaga kila siku bila kukitazama. Mbele ya zahanati, mbele ya ofisi ya kijiji, pembeni mwa madarasa, tumezoea kutandaza mawe ili watu wasisubiri huduma katika vumbi wakati wa kiangazi wala katika tope wakati wa masika. Mawe hatujakosa. Nchi hii ya Ugogo imejaa majabali ya itale, na jiwe la itale likishatandikwa vizuri litawazika waliolitandika na wajukuu wao. Lakini nafasi iliyo kati ya jiwe na jiwe, yale maungio yaliyojazwa saruji na mchanga, haina umri huo. Hulika, humomonyoka, mbigili huota ndani yake, maji hujikusanya, na siku moja mama aliyembeba mtoto mgongoni hukanyaga jiwe linalocheza.

Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la urembo. Ua wa zahanati hupitiwa na mjamzito, na mzee anayetegemea mkongojo, na mgonjwa anayebebwa, na mwenzetu anayetumia kiti cha magurudumu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtambua huyo wa mwisho kuwa na haki ya kufika panapotolewa huduma. Gurudumu dogo la mbele la kiti chake likizama katika ungio lililo wazi, haki hiyo imeishia nje ya mlango.

Ziko sauti zinazopendekeza tununue saruji na kufunika ua wote kwa tabaka moja laini, ili mambo yaishe. Pendekezo hilo linavutia kwa sababu kazi yake ni ya siku chache na huonekana kwa macho. Naomba tulipime kabla ya kulipitisha. Mimi ni mtu wa habari. Haya nitakayoyasema nimeyachota kwa waashi na kwa wataalamu wa ujenzi, na kazi yangu ni kuyapanga tu.

Tabaka jembamba lililomwagwa juu ya mawe yenye vumbi, ukungu na mizizi haliyashiki mawe hayo. Limelala juu yake tu. Jiwe moja likicheza chini, tabaka hupasuka juu. Maji huingia katika ufa, nayo hayana pa kutokea. Isitoshe, linauinua ua. Sakafu ya nje inapaswa kuwa chini ya sakafu ya ndani kwa takriban sentimita 15, na ukiongeza tabaka juu ya tabaka kila miaka michache utafika siku ambayo mvua itapita mlangoni na kuingia chumba cha dawa. Tena tabaka lililosuguliwa likalainika huteleza likilowa.

Tazameni pia hesabu. Chukueni ua wa mita 6 kwa mita 10, yaani mita za mraba 60, wenye mawe ya upana wa sentimita 30 hivi. Ukiyapima maungio yake yote utapata kama mita 400, sawasawa na mzunguko mmoja wa uwanja wa riadha. Ikiwa ungio lina upana wa sentimita 2 na limechimbwa kina cha sentimita 4, mchanganyiko wote utakaohitajika ni takriban theluthi moja ya mita ya ujazo. Kwa kipimo cha sehemu 1 ya saruji kwa 4 za mchanga, pamoja na kile kitakachopotea, mifuko 3 ya kilo 50 inatosha. Tabaka la sentimita 3 juu ya ua huohuo litakula mifuko 13 au 14. Kwa hiyo kujaza upya maungio ni kazi yenye saruji kidogo na jasho jingi, na kufunika ni saruji nyingi na jasho kidogo. Katika kata hii, ni kipi tunacho kwa wingi?

Kabla ya kugusa chochote, ua ukaguliwe. Mwageni ndoo kadhaa za maji na kutazama yanakokwenda. Yakielekea ukutani, au yakisimama, kujaza maungio peke yake hakutasaidia. Mteremko unaofaa ni kama sentimita moja na nusu kwa kila mita, ukiliacha jengo. Kisha pitieni jiwe moja moja, mkilikanyaga ukingoni. Linalocheza ling'olewe, mchanga wa chini yake ushindiliwe upya, nalo lirudishwe. Na tafadhali, vijana, msiingize vidole katika nyufa. Nge huzipenda kuliko sisi tunavyozichukia.

Usafishaji una mambo ambayo ningependa kuyasema taratibu, kwa kuwa hapa ndipo watu huumia. Magugu yang'olewe pamoja na mizizi, baada ya kulowesha. Msiyaue kwa kumwaga chumvi. Nasema hivi kwa sababu chumvi kwetu ni jirani. Mbuga ya Bahi, ambako Mto Bubu humalizia safari yake, wazee waliitafuta chumvi humo tangu zamani. Chumvi ikiingia katika maungio huyeyuka maji yanapokuja, hupanda pamoja na unyevu, na jua linapokausha hubaki ikiwa fuwele. Fuwele hizo hukua ndani ya vitundu vidogo na kuvisukuma mpaka saruji inakuwa unga. Ule weupe mnaouona chini ya kuta nyingi wakati wa kiangazi, mara nyingi ndio huo. Ufagieni ukiwa mkavu, muukusanye, mkautupe mbali. Ukiuosha kwa maji unaurudisha ulikotoka.

Ukungu wa kijani karibu na bomba huondolewa kwa brashi ngumu, maji na sabuni. Kwa kazi hii msitumie tindikali. Najua baadhi ya mafundi huipenda kwa sababu hutoa madoa ya saruji upesi, lakini tindikali inayokula doa la saruji inakula vilevile saruji ya maungio mazima, na mvuke wake huchoma macho na mapafu. Lipo na la hatari zaidi. Zahanati zetu hutumia dawa ya klorini kusafishia sakafu. Klorini ikikutana na tindikali hutoa hewa yenye sumu inayoweza kumuua mtu katika chumba kisicho na madirisha, na hata uwanjani humdhuru aliyeinama karibu nayo. Vitu hivyo viwili visikae katika ndoo moja, wala visimwagwe mahali pamoja siku moja.

Baada ya hapo huja kuchimba, ambako ndiko penye jasho nililolitaja. Saruji yote iliyolegea hutolewa kwa patasi nyembamba na nyundo, hadi kina kisichopungua mara mbili ya upana wa ungio. Anayejaza juu juu, milimita chache tu, anapaka rangi. Masika ya kwanza yataiondoa. Kukwangua kwa mashine ya kukatia mawe huharakisha, lakini vumbi la itale ni adui wa mapafu, na fundi anayelivuta kwa miaka hupata maradhi yasiyotibika. Akiitumia, aloweshe maji, na avae barakoa inayozuia vumbi hasa. Leso haitoshi. Maungio yakishachimbwa yafagiwe, yaoshwe, na yaachwe yakiwa na unyevunyevu bila madimbwi.

Mchanga nao unastahili neno. Mwingi tunaochota katika makorongo una udongo wa mfinyanzi, na ule wa kandokando ya mbuga una chumvi. Huo wa mbuga msiutumie hata ukiletwa bure hadi mlangoni. Wa makorongo upimeni hivi: chukueni chupa ya maji inayopenya mwanga, jazeni mchanga hadi nusu, ongezeni maji, tikiseni kwa nguvu, kisha iacheni itulie mpaka kesho. Mchanga utazama kwanza, na udongo laini utakaa juu yake kama tabaka la uji. Tabaka hilo likizidi sehemu moja kati ya kumi, mchanga huo uoshwe au utafutwe mwingine. Kwa maji ya kuchanganyia, kanuni ya waashi ni fupi: maji yasiyonyweka kwa chumvi yasichanganyie saruji.

Kwa sakafu ya itale, kipimo cha 1 kwa 4 kinatosha. Wapo wanaoamini kwamba saruji ikizidi, kazi inazidi kuwa imara. Sivyo. Mchanganyiko wenye saruji nyingi husinyaa sana unapokauka, nasi huku tuna mchana mkali na usiku wa baridi. Hupasuka pembeni mwa jiwe na kuacha ufa mwembamba usioonekana, ambao maji huuona. Mahali palipo na mawe laini zaidi, hasa sehemu ya chini ya kuta, inafaa sehemu 1 ya saruji, 1 ya chokaa ya ujenzi na 6 za mchanga. Chokaa hulegeza ugumu na kuuruhusu unyevu upumue. Majengo ya kale ya Kilwa Kisiwani, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yaliunganishwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe, bila chembe ya saruji. Anayeshika chokaa alinde macho na mikono, kwani huunguza.

Mchanganyiko uwe mkavu kiasi kwamba ukiufinya mkononi unashikamana bila kuchuruzika. Usindikwe kwa mwiko mwembamba, kwa tabaka mbili, ukijaa mpaka chini. Ukomee usawa wa jiwe au chini yake kidogo, usipakwe juu ya jiwe. Uliochanganywa utumike ndani ya saa moja hivi. Uliokwisha kuanza kushika usifufuliwe kwa maji.

Nikiambiwa nichague neno moja tu katika haya yote, ningechagua kumwagilia. Wengi wetu tunadhani saruji hukomaa kwa kukauka, ndiyo maana tunaianika juani na kuondoka. Saruji hukomaa kwa kuungana na maji. Ikikauka mapema inabaki mchanga uliofungwa kwa uzi mbovu. Kwa upepo wa Dodoma, maungio yanaweza kukauka kabla fundi hajanawa mikono. Yafunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa, yamwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku 7, na yasikanyagwe kwa siku 3 za mwanzo. Kwa kuwa zahanati haiwezi kufungwa, nusu ya ua itengenezwe kwanza, na nusu ya pili ibaki kuwa njia.

Wakati unaofaa ni baada ya mtama na uwele kuingia ghalani, kuanzia Julai, jua lingali na huruma na mvua ingali mbali. Wazee wetu waliojenga tembe hawakuhitaji kufundishwa hili: paa la udongo lilikandikwa upya kiangazi, kabla ya wingu la kwanza.

Sasa nani afanye nini. Zile mita 400 nilizozitaja, wakigawana watu 20, kila mmoja ana mita 20 za kuchimba na kufagia. Si kazi ya asubuhi moja, lakini haihitaji cheti. Kuchanganya, kujaza na kupima mteremko aachiwe fundi mwashi aliyethibitika, alipwe, na kazi yake ikaguliwe kabla ya malipo ya mwisho. Tangu mwaka wa fedha 2017/2018 vituo vya afya na zahanati hupokea fedha moja kwa moja katika akaunti zao, nazo kamati za usimamizi wa vituo zina wawakilishi wenu. Waulizeni kama ukarabati mdogo umewekwa katika mpango wa mwaka. Palipo na mchango wa wananchi, kila shilingi iwe na stakabadhi, na mapato na matumizi yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa taratibu zetu hufanyika kila baada ya miezi mitatu.

Yule anayejitolea nguvu zake aandikwe pia, jina na mita alizochimba. Nimeona mahali pengi daftari la michango likiwa na fedha tupu, na waliotoa jasho wakawa kama hawakuwapo.

Wenyeviti wa vijiji, mezani hapa nimeleta chupa tatu tupu. Kila mmoja achukue yake, akaijaze mchanga wa korongo la kijijini kwake, na airudishe kwa Mtendaji wa Kata kabla fundi hajaitwa. Mheshimiwa Diwani, nakurudishia kipaza sauti. Nadhani mama aliyeinua mkono pale chini ya mwembe alitangulia wengine.