Hotuba: Nani Alikuwa Akitazama Futi?



Rubani huambiwa kwa simu ya upepo akae futi ngapi juu. Mbona mara nyingine hushuka chini ya hapo, hali saa ya kupimia iko mbele ya macho yake?

Tutazame ajali ya tarehe 29 Desemba, 1972, karibu na Miami, Marekani. Eropleni ya Eastern Air Lines iliamriwa ikae futi 2,000. Taa moja ndogo ya gurudumu la mbele haikuwaka. Marubani wote wakaishughulikia, wasijue kwamba eropleni inashuka. Kengele ya hadhari ililia, hakuna aliyeijali. Watu 101 walikufa. Kumbe taa ilikuwa imeungua tu.

Hatusemi huo ni uvivu. Kazi haikugawanywa: huyu atengeneze, huyu aendeshe.

Tangu 1976 rubani wa Marekani aweza kuwaandikia NASA habari za kosa kama hilo, na jina lake halitolewi. Nasi twataka hivyo makazini mwetu. Mtu akiogopa kufukuzwa hunyamaza, na kosa lililofichwa hurudi kwa mwingine.