Deni la Bodi na Miezi Isiyo na Mshahara: Kupima Gharama ya Shahada ya Sayansi za Jamii



Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wazazi huja na swali lilelile: mtoto akisoma sosholojia, mkopo ataulipa na nini? Ni swali la haki kabisa, na anayeliuliza hajaidharau taaluma yetu. Naomba tulijibu kwa hesabu.

Tuchukue mwanafunzi wa shahada ya miaka mitatu aliyepata mkopo kamili. Bumu, yaani posho ya chakula na malazi, la shilingi 10,000 kwa siku, siku 60 kila awamu, awamu nne kwa mwaka, ni 2,400,000. Ongeza 200,000 za vitabu na viandikwa, na ada tuikadirie milioni moja. Kwa miaka mitatu ni 10,800,000. Ukiweka tozo ya uendeshaji ya asilimia 1, deni linafika 10,908,000.

Tuseme amepata ajira serikalini kwa mshahara wa 800,000. Pensheni ya asilimia 5 ni 40,000, bima ya afya ya asilimia 3 ni 24,000, kodi ya mapato ni 68,000. Kisha inakuja Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania na asilimia 15 yake, yaani 120,000, makato makubwa kuliko kodi na pensheni kwa pamoja. Mkononi zinabaki 548,000. Akikatwa hivyo kila mwezi, deni litakwisha kwa miezi 91, miaka saba na miezi saba. Ni mzigo mzito kwa kijana anayeanza maisha, hasa mwenye wadogo zake wanaomtegemea, lakini mwisho wake unaonekana.

Na unaonekana kwa sababu ya uamuzi wa mwaka 2021, uliotangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Mwanza siku ya Mei Mosi, wa kuifuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Kwa deni la mfano wetu, tozo hiyo ingekuwa takriban 650,000 kwa mwaka wa kwanza, wakati makato ya mwaka mzima ni 1,440,000. Karibu nusu ya alichokatwa ingemezwa kabla deni lenyewe halijaguswa. Walioilipa kwa miaka mingi wanajua ninachosema.

Sasa niseme kinachonisumbua. Mhitimu huyu wa mfano, mwenye mshahara usiokatika, si yule ninayekutana naye zaidi. Wahitimu wetu wengi huanza kwa kujitolea, wakisubiri nafasi za maafisa maendeleo ya jamii au ustawi wa jamii zitangazwe kwenye Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali. Wengine hupata mikataba ya miradi: miezi sita ya kukusanya takwimu, mwaka mmoja wa kuratibu kikundi cha kijamii, kisha mradi unafungwa. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai 1 shughuli za USAID, shirika lake la misaada, zilikuwa zimekoma. Miradi ya afya ya jamii na ya UKIMWI iliyotegemea misaada hiyo ni kati ya sehemu ambako vijana wetu walikuwa wakipata ajira ya kwanza. Uamuzi uliofanyika Washington uliwakuta wakiwa na deni la Dar es Salaam.

Kwa hiyo, tunapopima shahada hii, tusiulize mshahara ni kiasi gani tu. Tuulize miezi mingapi inapita bila mshahara. Sheria inampa mhitimu miezi 24 kabla ya kuanza kulipa, na hilo ni jema. Lakini baada ya hapo, aliyejiajiri anatakiwa kulipa si chini ya 100,000 kwa mwezi. Linganisheni wawili wenye kipato cha 300,000: aliyeajiriwa anakatwa 45,000, aliyefungua kibanda cha huduma za fedha anadaiwa 100,000, theluthi nzima ya kipato chake. Mwenye uhakika mdogo ndiye anayebebeshwa zaidi. Sioni namna ya kulitetea hili.

Ipo njia nyingine. Nchini Uingereza, walioanza masomo tangu 2023 chini ya mpango wa England hulipa asilimia 9 ya kile tu kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka. Asiyefika hapo hadaiwi kitu mwezi huo. Mpango huo una matatizo yake, maana deni linaweza kumwandama mtu kwa miaka 40, na riba wanatozwa. Ila kile kiwango cha chini cha kipato tunaweza kukichukua, na kuwawekea waajiriwa na waliojiajiri kipimo kimoja.

Na sisi wahadhiri tuna letu. Mwanafunzi anayetoka kwetu akijua kuandaa dodoso, kuchambua takwimu kwa programu ya kompyuta na kuandika ripoti inayosomeka, husubiri kwa muda mfupi zaidi kuliko aliyekariri nadharia. Nimeliona hilo mwaka hadi mwaka. Masomo hayo yasiwe ya hiari. Pia napendekeza kila idara iwapigie simu wahitimu wake wa miaka mitano iliyopita, iwaulize walikaa miezi mingapi kabla ya malipo ya kwanza na mikataba yao ilidumu kwa muda gani, kisha majibu yabandikwe wazi kabla dirisha la udahili halijafunguliwa, yawe mazuri au mabaya.